Korongo Lililoanza Shambani Mwangu

Nawaandikia kutoka Bonde la Lambwe katika kaunti ya Homa Bay. Huku kwetu mvua ya masika haikutunyima, mahindi yamepita kiuno cha mtu mzima, na siku za soko njia zote zimejaa akina mama wenye vikapu vya omena na maharagwe. Lakini leo sikushika kalamu kwa ajili ya habari za mvua na soko peke yake. Nataka kuwaelezeni jambo moja mintarafu ya ardhi, nalo ni jambo ambalo mimi mwenyewe nililikosea. Mtu akiungama kosa lake mbele ya wenzake ili wao wasilirudie, hapati aibu kubwa kama ile ya kulificha.

Kwa wasomaji walio mbali, yafaa kwanza nieleze nchi yetu ilivyo. Bonde la Lambwe limezungukwa na milima. Upande wa machweo iko milima ya Gwassi, upande wa kaskazini iko milima ya Gembe, na upande wa kusini-mashariki umesimama ukingo mrefu wa Kaniamwia. Ukivuka ukingo huo wafika Ndhiwa, na ukizidi kwenda kusini waingia kaunti ya Migori. Zamani nchi hii yote ilikuwa wilaya moja, South Nyanza. Katikati ya bonde ni udongo mweusi mzito, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata miguuni wakati wa mvua. Huko chini wapita mto Olambwe, na huko ndiko iliko Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 120. Ilianzishwa mwaka 1966 kuwa hifadhi ya wanyama, ikafanywa mbuga ya taifa mwaka 1983.

Watu wengi hudhani kwamba bonde hili lilibaki na miti yake na nyasi zake kwa sababu wazee wetu walilihifadhi. Kweli ni kwamba lilihifadhiwa na mdudu. Mbung'o alikaa katika vichaka vyenye kivuli, akawaua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale. Aliyethubutu kuingia na mifugo yake alitoka na fimbo tupu. Kwa hiyo watu walikaa milimani na pwani ya ziwa, na bonde likaachiwa wanyama wa mwitu. Hata baada ya watu kuanza kukaa humo, adui huyo hakuondoka upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale yalizuka tena kwa nguvu, nasi tuliwaona jirani zetu wakisinzia mchana kama walevi, ilhali hawakuonja pombe.

Leo, kwa neema ya Mungu na kwa jitihada za watu wa afya na mifugo, habari ni nyingine. Vichaka vilinyunyiziwa dawa, na mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi ikatundikwa. Mwenyeji wa mwisho aliyeambukizwa malale hapa Kenya alionekana mwaka 2009, na mwezi wa Agosti mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba ugonjwa huo si tatizo tena la afya ya jamii katika nchi yetu. Nani asiyefurahi? Nami nilifurahi sana. Lakini furaha hiyo ilinikumbusha swali moja: ikiwa mlinzi mkali ameondoka, nani atailinda ardhi sasa?

Swali hilo lanirudisha kwa marehemu baba yangu. Yeye alihamia bondeni katika miaka ya 1950, wakati serikali ya kikoloni ilipofyeka vichaka na kufungua sehemu za Lambwe kwa makazi. Shamba lake lilikuwa chini ya mteremko wa Kaniamwia. Siku zile kukata matuta ya kuzuia maji ilikuwa amri. Bwana Shamba alikuja na kamba zake na vigingi vyake, na aliyekataa alipelekwa mbele ya chifu akatozwa faini. Watu waliyachukia matuta kama walivyoichukia kodi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, wengi walichukua plau na kuyasawazisha kwa shangwe, wakidhani kwamba wanafuta ukoloni.

Baba hakuyagusa ya kwake. Jirani walipomcheka, aliwajibu, "Amri ilikuwa ya Mzungu, lakini udongo uliozuiliwa hapa ni wangu."

Mwaka 1979 nilioa, nikagawiwa sehemu yangu ya shamba. Nilikuwa kijana mwenye nguvu na haraka, na tuta lile pana lenye majani niliona linakula ardhi bure. Nikafunga ng'ombe, nikalilima lote likawa tambarare, nikapata nafasi ya mistari minne zaidi ya mahindi. Baba alisimama penye ua wa ojuok akatazama, akanyamaza, akaingia ndani. Msimu ule nilivuna vizuri kuliko mwaka uliotangulia, nami nikajiona nimemshinda mzee kwa akili.

Baada ya miaka michache palitokea ufa mdogo pale ng'ombe walipopita kwenda mtoni. Nilikuwa nauruka kwa hatua moja. Baadaye nikawa nauruka kwa kukimbia. Baadaye tena niliweka gogo la kuvukia. Methali ya Kiswahili yasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," nami niliijua tangu shuleni. Lakini mwenye kujua methali si lazima awe mwenye kuitii. Kila mwaka nilisema, "Nitaliziba baada ya mavuno," na baada ya mavuno palikuwa na karo za watoto na matanga na mambo mengine.

Ndipo ikaja masika ya mwaka 2020, ile iliyojaza Ziwa Victoria hata maji yakaingia katika nyumba na mashamba ya watu wa pwani. Usiku mmoja tulisikia mngurumo kama wa lori. Kulipopambazuka, tulikuta korongo limefika katika shamba la ndugu yangu, mwana wa baba mdogo, ambaye tunapakana naye kwa upande wa chini. Mpaka wetu wa mikonge ulikuwa umechukuliwa wote, na robo ya shamba lake pamoja nao. Ng'ombe wake wa maziwa, aliyekuwa akiwalipia watoto karo, alikuwa amelala chini ya korongo akiwa amevunjika miguu. Tulimchinja palepale.

Ndugu yangu hakunitukana. Alinishtaki kwa wazee tu, kwamba mpaka umepotea na yeye hana ardhi ya kutosha kuwarithisha wanawe. Siku ya baraza nilikwenda na maneno mengi. Nilisema mvua ni ya Mungu, wala hapana mtu awezaye kuishtaki. Mama mmoja mzee, ambaye alimjua sana baba yangu, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, maji haya yalianzia wapi?"

Sote tukainuka tukalifuata korongo kutoka chini kwenda juu, wazee mbele, mimi nyuma. Tulipita mahali penye kina cha watu wawili, tukapita penye kina cha mtu mmoja, kisha penye kina cha goti, hata tukafika pale lilipoanza. Lilianza palepale nilipolikata tuta la baba. Hapana mtu aliyesema neno. Mimi ndiye niliyesema, "Ndugu yangu, nimekukosea."

Tangu siku hiyo tulifanya kazi pamoja, nami naieleza hapa ili iwafae wenye shida kama yetu. Kwanza tulitafuta usawa wa mteremko. Hatukuhitaji chombo cha fedha nyingi. Tulichukua miti miwili yenye urefu sawa, tukaifunga pamoja juu, tukakatiza mti wa tatu katikati kama herufi A, na kileleni tukaning'iniza kamba yenye jiwe. Kamba ikiangukia alama ya katikati, miguu yote miwili iko katika usawa mmoja. Hapo hupigwa vigingi. Kisha tulichimba mtaro kufuata vigingi na kutupa udongo upande wa juu, na ndiyo maana matuta hayo huitwa fanya juu. Juu ya tuta tulipanda mabingobingo, ambayo wengi huyaita nepia, yashike udongo kwa mizizi na kuwalisha ng'ombe kwa majani. Maji yakishuka hukuta tuta, hupunguza mwendo, huacha udongo wake, na baada ya miaka shamba huwa kama ngazi.

Ndani ya korongo tulipanga vizuizi vya mawe kuanzia juu kwenda chini, kila kimoja katikati kikiwa chini kuliko pembeni ili maji yapite bila kula kingo. Hatukuwa na saruji. Tulijipa moyo kwa kuwakumbuka wajenzi wa Thimlich Ohinga, huko Migori, ambao yapata miaka 500 iliyopita walipanga mawe makavu wakajenga kuta ndefu kuliko mtu, nazo zimesimama hata leo. Mwaka 2018 mahali hapo pakatiwa katika Urithi wa Dunia. Tena njia ya ng'ombe tuliihamisha, isishuke moja kwa moja kama zamani.

Jambo kubwa tulilojifunza ni hili: mstari wa usawa haujui mpaka wa shamba. Vigingi vilitoka kwangu vikaingia kwa ndugu yangu, vikaendelea kwa jirani wa tatu. Mtu akikata tuta lake peke yake, maji huzunguka pembeni na kuanza ufa mpya kwa mwenziwe. Serikali ya zamani iliwalazimisha watu wafanye kazi hii pamoja, na watu wakaiacha kwa sababu ya kulazimishwa. Siku hizi hatulazimishwi kwa fimbo, basi hapana budi tukubaliane sisi kwa sisi, na kukubaliana ni kazi ngumu kuliko kuchimba.

Kabla sijamaliza, nina neno moja juu ya mnyama wetu. Katika Mbuga ya Ruma yuko paa mkubwa mwenye masikio marefu na uso mweusi uliopakwa meupe, naye Kiswahili chamwita korongo, jina lilelile la shimo lililonila shamba. Katika Kenya nzima huyu hupatikana Ruma tu, na hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 iliwaona 15. Makorongo ya ardhi yakizidi milimani, na udongo ukienda ziwani, watu wenye njaa watashuka mbugani kutafuta mkaa, malisho na nyama, na korongo mnyama atakwisha. Hatuwezi kuwa na wote wawili. Sharti tuchague.

Leo, Bwana Mhariri, korongo la ardhi bado lipo. Sehemu ya juu imejaa udongo na imeota majani, lakini sehemu ya chini ingali na kina, nami sidhani nitaliona limekwisha katika maisha yangu. Ndugu yangu alinunua ndama, nami nilichangia nusu ya bei. Mwezi uliopita nilimkuta mjukuu wangu amesimama juu ya tuta na jembe, akalitazama kwa macho ambayo nayajua. Akaniuliza, "Babu, tukilisawazisha hili hatupati mistari mingine minne?"

Sikunyamaza kama baba yangu alivyonyamaza. Nilimshika mkono, tukalifuata korongo lote mpaka mwisho wake.