Kivuli cha Milima Isiyokuwapo

Mjukuu wangu huchora kwa kompyuta ramani za nchi za kubuni, kisha huzitia vivuli na rangi. Kivuli hukiweka katika tabaka lake na rangi katika tabaka jingine, ili akifuta hiki asiharibu kile.

Nilipofundisha ramani chuoni tulifuata desturi: mwanga utoke pembe ya juu kushoto, ndiyo kaskazini-magharibi. Ukigeuza, jicho huuona mlima kama shimo. Ajabu ni kwamba Ulaya, ilikokulia desturi hiyo, jua huonekana upande huo jioni za kiangazi tu. Kwetu Tanzania, alasiri ya Juni, ndipo lilipo hasa!

Kuhusu rangi tunabishana. Mabonde ameyapaka kijani. Namwuliza: kijani hiki ni majani, au ni nchi ya chini tu, hata ikiwa jangwa? Ameongeza ufunguo pembeni.

Baba yake ataka nimkataze, kwani mtihani wa kidato cha nne u karibu. Nimemwomba angoje. Tangu vivuli vitiwe, mto mmoja unaonekana ukipanda mlima, na kijana hajauona bado.