Dola Iliyopita Unguja

Msomaji mpenzi, ukijaliwa kufika katika mji wa Philadelphia, huko Marekani, uliza njia iitwayo Seventh Street. Usitazamie kuona makubwa. Hapo ndipo kilipojengwa, mwaka 1792, kiwanda cha kwanza cha serikali ya Marekani cha kupigia sarafu, lakini majengo yenyewe yalibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo wakusanyaji wa sarafu huenda kusimama pale barabarani, kama watu waliofika kwenye kaburi la babu yao.

Kazi ya siku zile ilikuwa ya jasho. Farasi walizungusha mashine za kubana fedha iwe bapa, na vipande vilipimwa katika mizani. Kilichozidi uzito kilipunguzwa kwa tupa. Kilichopungua kiliweza kutiwa kiziba cha fedha katikati. Tarehe 15 Oktoba 1794 zikatoka dola za kwanza, 1,758 tu, na nyingi zilikuwa na chapa hafifu, maana mashine ilikuwa ndogo mno kwa sarafu pana namna ile. Basi ukiona mikwaruzo ya tupa juu ya dola ya 1794, usidhani ni ubovu: ni mkono wa fundi. Wala usiisugue kwa majivu ing'ae, kama tufanyavyo na sufuria. Mkusanyaji hupenda weusi wake wa miaka mingi. Moja ya dola hizo, yenye kiziba chake, iliuzwa mnadani mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni 10.

Lakini ninayotaka uijue hasa ni nyingine, kwa kuwa hiyo ilipita kwetu.

Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alifanya mapatano ya biashara huko Maskati na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mwaka uliofuata serikali yake ikaagiza zawadi ya kumpelekea Sayyid: sarafu za Marekani za kila namna, ndani ya kisanduku kizuri. Kumbe dola za fedha zilikuwa hazipigwi tena kwa miaka mingi! Wakuu wa kiwanda wakafungua madaftari, wakaona hesabu ya mwisho ya dola imeandikwa 1804. Wakachonga chapa yenye mwaka huo. Lakini dola zilizohesabiwa mwaka 1804 zilikuwa na tarehe za nyuma. Karani yeyote ataelewa jambo hili: daftari lilisema kweli, ila halikuulizwa swali lililopasa. Ndivyo ilivyozaliwa dola ya 1804, miaka 30 baada ya tarehe yake.

Roberts akasafiri mwaka 1835 katika manowari Peacock. Mwezi wa Septemba walitia nanga Unguja, kisha wakashika njia ya Uarabuni. Tarehe 21 meli ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masirah. Mizinga ikatupwa baharini ili meli iwe nyepesi, naye Roberts akaingia katika mashua pamoja na mabaharia wachache, akaenda Maskati kuomba msaada. Meli ikaokoka, na mwanzoni mwa Oktoba zawadi ikamfikia mwenyewe. Mwaka 1837 konseli wa Marekani akaja kukaa Unguja. Biashara ile ndiyo iliyotuletea nguo ya marekani, ambayo bibi zetu waliijua sana.

Dola za namna ile ya kwanza zinazojulikana ni nane tu. Inayosadikiwa kuwa ya Sayyid Said iliuzwa mwaka 1999 kwa dola milioni 4.14, na tena mwaka 2021 kwa dola milioni 7.68.

Bei kubwa huvuta mikono. Tangu mwaka 1858 hivi, watu wa kiwanda kile kile walipiga kwa siri dola nyingine za 1804 ili kuwauzia wakusanyaji. Jumba la makumbusho la Smithsonian, mjini Washington, linahifadhi tatu: moja ya namna ya kwanza, na mbili za siri. Moja ya hizo mbili haina maandishi ubavuni, nayo ilipigwa juu ya sarafu ya Uswisi. Ukiitazama kwa makini utaona alama za sarafu ile ya chini, ambayo ni ya mwaka 1857.