Mbaraka Mwinshehe na Gitaa la Debe

Mwakitolyo si mahali pa utulivu. Makarasha huanza kusaga mawe ya dhahabu alfajiri, na vumbi lake hutua juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, na ndani ya chai yako usipoifunika. Nilikwenda huko mwaka juzi kumtazama mjukuu wangu, ambaye ni fundi wa mashine hizo. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mama lishe nikimsubiri, ndipo nikasikia gitaa. Kwanza nilidhani ni redio. Kisha mpigaji akakosea, akarudia pale pale alipokosea, nami nikajua kuwa ni mtu. Alikuwa akiutafuta wimbo wa "Mtaa wa Saba". Nikaiacha chai ikapoa.

Vijana watakaosoma haya huenda wakaniuliza Mbaraka ni nani. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa Juni 1944 Mzenga, wilaya ya Kisarawe, akakulia Morogoro. Aliingia sekondari, akaiacha kabla ya kumaliza ili afuate muziki. Hilo la kuacha shule naomba msomaji aliweke akilini, kwa maana nitalirudia kwa aibu. Katikati ya miaka ya sitini akawa katika bendi ya Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka ule ule aliozaliwa yeye.

Mimi nilimjua huko huko Morogoro. Nilipelekwa Chuo cha Ualimu Kigurunyembe mwaka 1970, kijana wa Kisukuma aliyepanda gari moshi Shinyanga akiwa na sanduku la bati na blanketi, ambaye hakuwa amepata kuona mlima mkubwa kama Uluguru. Mji ule ulikuwa umegawanyika. Upande mmoja walikuwa watu wa Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdallah, ambaye alikuwa amekufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, na sasa ikiongozwa na Juma Kilaza. Upande wa pili walikuwa watu wa Morogoro Jazz. Wenyeji walidhani jambo hilo litanishangaza. Halikunishangaza hata kidogo. Sisi Usukumani tumezaliwa tukiwakuta Wagika na Wagalu wakishindana kwa ngoma kila baada ya mavuno, na mtu wa Wagika hawezi kusifu ngoma ya Wagalu hata kama miguu yake inamsaliti. Nilichagua upande wangu wiki ya kwanza.

Mwaka huo habari kubwa ilikuwa Japani. Mji wa Osaka uliandaa maonyesho ya dunia, Expo 70, kuanzia Machi hadi Septemba. Mataifa 77 yalishiriki, na watu zaidi ya milioni 64 waliingia kutazama. Wamarekani walipeleka jiwe kutoka mwezini. Katika msafara wa Tanzania walikuwamo wanamuziki wa Morogoro Jazz, na Mbaraka miongoni mwao. Hebu fikiri: kijana wa miaka 26, aliyeacha shule, anapiga gitaa mbele ya Wajapani, na sisi tuliokuwa tukikariri saikolojia ya mtoto hatujafika hata Zanzibar! Alitunga wimbo wa safari ile, ukaitwa "Expo 70". Tuliusikia kwenye redio ya National, ambazo ziliunganishwa Dar es Salaam na kampuni ya Wajapani hao hao.

Chuoni hatukuruhusiwa kwenda dansini. Nilikwenda. Tulikuwa watatu, tukatoroka Jumamosi moja baada ya chakula cha jioni, tukatembea gizani mpaka mjini, na fedha zetu zote zikaishia mlangoni. Walimwita "Soloist National", nami usiku ule nilielewa sababu. Waimbaji waliponyamaza, gitaa lake lilishika maneno pale walipoyaachia, likaendelea kusema. Halikuwa na haraka. Lilikuwa kama mzee barazani anayejua kuwa hakuna atakayemkata kauli. Nilisimama ukutani sikucheza, na sauti ile nilirudi nayo bwenini nikalala nayo.

Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz akaunda Super Volcano. Nyimbo za miaka ile, kama "Shida", zilipigwa Kenya kama zilivyopigwa kwetu. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri, kwa hiyo mwanamuziki wa Tanzania aliyetaka sauti yake iuzwe dukani aliitazama Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 wengi walidhani mambo yake yamekwisha, lakini jina lake liliendelea kuvuma pande zote mbili. Huko ndiko alikofia. Ilikuwa Januari 1979, ajali ya gari, Mombasa. Alikuwa na miaka 34.

Wakati huo kila aliyekuwa na redio aliisogeza karibu kwa ajili ya habari za vita vya Kagera. Ndivyo nilivyoipata habari ya Mbaraka, nikitegemea kusikia habari za Amin. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba. Mke wangu aliponiuliza nina nini, nilimwambia moshi.

Nilikuwa mwalimu mkuu kijana wa shule ya msingi huku kwetu, na shule yangu ilikuwa na mvulana wa darasa la saba aliyetengeneza gitaa kwa debe la mafuta na waya za breki za baiskeli. Alizijua nyimbo zote za Mbaraka. Hesabu alizijua nusu. Asubuhi iliyofuata alikuja na gitaa lake shuleni, nadhani kwa msiba, kama mtu anavyobeba kitu cha marehemu. Nilimwita mbele ya mstari. Niliwaambia watoto kwamba huyo Mbaraka wanayemlilia aliacha shule akafuata gitaa, na gitaa limempeleka kufia barabarani. Angemaliza masomo angekuwa hai. Kisha nililiweka lile gitaa chini nikalikanyaga. Debe halivunjiki, hujikunja tu. Nilikanyaga mara nyingi kuliko nilivyokusudia, na watoto wakaanza kucheka.

Mvulana hakurudi. Baba yake alisema amekwenda kwa mjomba wake upande wa Geita. Nikaandika "mtoro" kwenye kitabu cha mahudhurio, mimi niliyepata kuwa mtoro wa Kigurunyembe kwa ajili ya mtu yule yule.

Basi siku ile Mwakitolyo nilimwuliza mama lishe nani anapiga. Akasema ni mzee mlinzi wa karasha, analinda usiku na mchana anajiliwaza. Nikaifuata sauti. Nilimkuta mtu wa miaka kama sitini, ameketi kwenye kivuli cha turubai na gitaa la mbao. Hakuna haja ya kumficha msomaji: yeye alinitambua kabla sijamtambua. Alisimama, akainama kidogo, "Shikamoo Mwalimu Mkuu." Nikaitikia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa hauna kidole cha pete. Jiwe lilikiondoa duarani, alisema, miaka mingi iliyopita. Ndiyo maana hukosea pale pale kila mara.

Niliomba radhi. Sikuwa nimejiandaa, na maneno yalitoka vibaya, nikamtajia hata waya za breki. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunisaidia. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Mwalimu, kuna swali moja nimekaa nalo. Ulisema Mbaraka angemaliza shule asingekufa barabarani. Na Waziri Mkuu Sokoine?"

Edward Sokoine alikufa kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Nchi nzima ililia. Nilisimamisha mstari shuleni siku ile pia, nikazungumza juu ya uzalendo. Sikuwa na jibu, nikamwambia sina jibu. Akatikisa kichwa kama mwalimu anayepokea jibu ambalo si kamili lakini ni la kweli.

Alinipa ndoo niigeuze nikalie. Akaniuliza kama bado naukumbuka ule wa Japani. Nilisema naukumbuka. Akakaza uzi mmoja, akausikiliza, akaulegeza kidogo, na karasha la jirani likazimwa kwa ajili ya chakula cha mchana.