Kisumu Kwenye Matangi ya Vioo

Msomaji, ukifika Kisumu na familia yako, usikimbilie ufuo wa Dunga kula samaki kabla hujawaona wakiwa hai. Shika barabara iendayo Kericho hadi Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka wa 1980. Bila shaka watoto watakuburuta kwanza kwa nyoka na mamba. Waache washibe macho, kisha uwapeleke kwenye matangi ya samaki wa Ziwa Victoria.

Mimi nilisimama hapo nikiwa na aibu. Wiki hiyo binti yangu wa miaka minane alikuwa amezika samaki wawili wa dhahabu nyuma ya nyumba yetu Nairobi, ndani ya kopo la majani chai. Wawili waliosalia walikuwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, nao walijisugua kwenye mawe mchana kutwa. Nilikuwa nimemlaani sana aliyetuuzia.

Mzee mmoja aliyekuwa akipangusa vioo alimsikia binti yangu akiwasimulia wenzake msiba huo.

"Mwanangu, maji mnayabadilisha vipi?"

"Baba huyamwaga yote kila Jumapili, halafu anasugua kila kitu kwa sabuni."

"Basi ugonjwa ni baba," akasema mzee.

Nilicheka kwa shingo upande, lakini alisema kweli. Kinyesi cha samaki na chakula kilichooza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kwenye mawe na ndani ya chujio huishi bakteria wanaoimaliza sumu hiyo, na huchukua wiki nne hadi sita kuzaana vya kutosha. Mimi nilikuwa nikiwaua kila Jumapili! Toa robo tu ya maji kwa wiki. Ya mfereji yaache ndani ya ndoo wazi siku nzima ili klorini iondoke. Chujio lisuuze kwa maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, wala usilitie sabuni.

Vile vidoa ni mdudu asiyeonekana kwa macho. Akiwa chini ya ngozi ya samaki, dawa haimfikii. Huanguka, hugawanyika chini ya tangi kuwa mamia, na wana wake wanapoogelea kutafuta samaki mwingine ndipo wanapokufa. Kwa hiyo, usiache tiba siku vidoa vinapotoweka. Endelea kwa wiki mbili, na katika baridi ya Nairobi ya mwezi Julai hata zaidi, kwa kuwa mdudu huyo hukua polepole maji yakiwa baridi. Yeyusha kijiko kidogo cha chumvi kwa kila lita tano za maji ya tangi, na hakikisha pampu ya hewa inafanya kazi.

Mzee alituonyesha pia fulu, visamaki ambavyo ziwani vilikuwa vya aina mamia. Mbuta aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 aliwala wengi mno. Tena maji yalipochafuka, majike walishindwa kuona rangi za madume wao, aina zikachanganyika. Baadhi ya aina adimu zimetunzwa ndani ya matangi huko Ulaya na Marekani. Hebu fikiria, samaki wa Nyanza kusalimika ndani ya kioo Ulaya!

Jambo jingine, ukichoka na samaki wako usimtupe mtoni. Gugumaji linalofunga ghuba ya Kisumu lililetwa Afrika kutoka Amerika Kusini kwa sababu ya uzuri wa maua yake.

Tulirudi kwa basi la usiku. Samaki mmoja alikufa Jumatatu. Yule mwingine alipona baada ya wiki tatu, na sasa ndoo ya maji hukaa wazi jikoni kila Jumamosi. Binti yangu ameiandikia karatasi kwa kalamu nyekundu: BABA USIGUSE.