KIWAVI WA MAJENGO KANITOLEA PEMBE!

Basi bwana, nimefika Majengo, Moshi, niupige picha Mlima Kilimanjaro, kumbe umejifunika mawingu. Nyuma ya nyumba ya shangazi, kwenye mlimau, namkuta kiwavi: kijani kibichi, michirizi ya kahawia na nyeupe, utadhani anakwenda harusini! Nasogeza simu. Lahaula! Anachomoa pembe mbili za rangi ya chungwa, na harufu kali balaa.

Shangazi huyo, ndala mkononi.

"Sogea nimponde, anamaliza mlimau wangu."

"Chonde shangazi, huyu si washawasha, hana manyoya. Atakuja kuwa kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano."

Mlimau wenyewe mchanga, majani ya kuhesabu.

"Haya, piga upesi."

Nikapiga tatu, mbili hazionyeshi kitu. Ndala bado iko juu.