Mshono wa Chuma: Kutoka Kuba la Tudor hadi Karakana ya Kuchomelea

Katika mji wa Mombasa, mwenye kuona kuba kwa mbali hudhani ameuona msikiti, na mara nyingi huwa hakukosea. Lakini huko Tudor, kando ya barabara ya Tom Mboya, lipo jengo lenye kuba na matao lililojengwa kwa kusudi jengine: kuwafunza vijana kazi za mikono na mitambo. Leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wazee wetu wangali wakilikumbuka kwa jina la MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa.

Chuo hicho kiliasisiwa mwaka 1948, na mwaka 1951 kikapokea wanafunzi wake wa kwanza. Miongoni mwa waliotoa mali ili kisimame ni Sultani wa Zanzibar wa zama hizo, Seyyid Khalifa bin Harub, pamoja na Aga Khan na jamii ya Mabohora. Nia yao ilikuwa Waislamu wa Afrika Mashariki wasiachwe nyuma katika elimu ya ufundi. Baadaye milango ilifunguliwa kwa watu wa dini zote. Mwaka 1972 kikawa Politekniki ya Mombasa, na mwaka 2013 kikatunukiwa hati ya chuo kikuu.

Inafaa tuikumbuke historia hii pale jamaa wanapokaa kujadili mustakabali wa mtoto aliyemaliza shule bila alama kubwa. Neno "ufundi" hutamkwa kwa sauti ya chini, kana kwamba nyumba imefikwa na msiba. Waliotutangulia waliuona ufundi unastahili kujengewa kuba. Sisi tumeufanya adhabu ya aliyefeli. Na ilhali mji wetu ni mji wa chuma. Meli, makontena, matangi ya mafuta, reli, mageti na vyuma vya madirisha vyote vyahitaji fundi, na hewa ya chumvi haikipi chuma mapumziko hata siku moja.

Kutoka Tudor, ukivuka daraja la Nyali na kuishika barabara ya Kisauni, utakuta Politekniki ya Kitaifa ya Pwani, iliyopata hadhi hiyo mwaka 2016. Zaidi ya hapo, kila kaunti ina vituo vyake vya mafunzo ya ufundi. Popote iwapo, karakana ya kuchomelea hutambulika kabla hujaifikia. Sauti yake ni kama ya samaki anayetiwa katika mafuta yaliyochemka, na mwangaza wake ni mweupe wenye kuelekea buluu, usiofaa kutazamwa kwa macho matupu.

Mama aliyewahi kushika sindano ataielewa kazi hii upesi. Vipande viwili vya chuma hulazwa ukingo kwa ukingo. Joto la umeme, ambalo hupita nyuzi 3,500, huziyeyusha kingo hizo. Rodi nayo huyeyuka na kujaza pengo, kisha vyote huganda vikawa kitu kimoja. Alama inayobaki ni mshono. Pwani hii iliwahi kuunda mitepe, vyombo ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila ya msumari. Sharti la mitepe ndilo sharti la chuma: mshono ukiwa na tundu, maji huingia, na kutu huanzia hapo.

Mwanafunzi haanzi kwa kutengeneza geti. Hufunzwa kwanza usalama, kupima, kukata na kupiga tupa. Kisha huchora mistari ya moto juu ya bamba lililolazwa, mara kadha wa kadha, mpaka mkono utulie. Hufuata pembe, halafu mshono wa kupanda wima, na mwisho ule wa juu ya kichwa, ambapo matone ya moto humwangukia fundi mwenyewe. Baada ya umeme hujifunza gesi ya oksijeni na asetilini, na mbinu nyengine za chuma kisichoshika kutu na alumini. Mtihani wake ni mgumu kudanganya: kipande kilichounganishwa hukatwa na kukunjwa. Kikipasuka penye mshono, hukumu imekwisha tolewa.

Ipo pia mitihani ya daraja ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Mitihani hii humfaa hata kijana aliyejifunza kando ya barabara kwa fundi wa jua kali. Anao ujuzi, anachokosa ni cheti cha kumwonyesha mwajiri.

Na mabinti je? Kazi hii hudai zaidi mkono uliotulia, jicho kali na subira, na mwenye kutia vito kwenye kofia anazo zote tatu. Hijabu si kizuizi, ila kitambaa chake kizingatiwe. Nailoni na poliesta huyeyuka zikagandamana na ngozi. Binti avae mtandio mfupi wa pamba uliofichwa ndani ya ovaroli, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika mguu.

Kabla ya kulipa karo, mzazi aende akaitazame karakana kwa macho yake. Je, moshi una pa kutokea? Moshi wa mabati yaliyopakwa zinki huleta homa. Je, kila mwanafunzi ana kofia ya kukinga uso yenye kioo cheusi? Asiyekuwa nayo hulala usiku macho yakimwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Je, mitungi ya gesi imesimamishwa na kufungwa mnyororo? Je, mwanafunzi hushika mashine saa ngapi kwa wiki, na cheti chake chatolewa na nani? Kwa binti, aulize pia mahali pa faragha pa kubadilishia nguo.

Kila Ijumaa twasoma Suratul-Kahf, na ndani yake kisa cha Dhulqarnayni aliyejenga kizuizi kwa vipande vya chuma na shaba iliyoyeyushwa. Wale waliomwomba hakuwaacha wakitazama. Aliwataka wamsaidie kwa nguvu zao. Waliochangia MIOME walitoa walichokuwa nacho. Kikundi cha akina mama kinachochanga kila mwezi kwa ajili ya harusi na mazishi hakiwezi kujenga chuo, lakini chaweza kumnunulia mwanafunzi mmoja kofia ya uso, glavu na viatu. Mara nyingi hicho ndicho kilichomzuia kuanza.