Kabla ya Kumhukumu Mtu wa Ng'ambo



Katika mwambao wetu liko swali ambalo mgeni huulizwa hata kabla hajapewa maji ya kunywa: "Wewe mtu wa wapi?" Swali lenyewe si baya, kwani watu hujuana kwa kuulizana. Ubaya huja pale jibu linapogeuzwa kuwa hukumu. Na sisi wa Ziwani, huku Mtwara karibu na mlango wa Mto Ruvuma, swali hili latugusa kuliko wengi.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa ng'ambo ya mto. Aliolewa huku, akazaa huku, akazikwa huku. Hata hivyo, mpaka uzeeni kwake walikuwapo waliomwita Mmawia, jina wanaloitwa Wamakonde waliotoka Msumbiji, na mara nyingi hutamkwa kwa dharau. Yeye alikuwa akijibu: "Mto hauzai mtu. Mtu huzaliwa na mamake."

Na mpaka huo ni kitu gani? Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walipatana kwamba Ruvuma itenge milki zao. Tazama Kionga, kusini ya mlango wa mto. Mwaka 1894 Wajerumani waliitwaa. Mwaka 1916 Wareno wakaiteka, na baada ya vita, mwaka 1919, wakathibitishiwa. Mkazi wa Kionga alibadilishiwa dola bila ya kuhamisha hata kitanda chake. Je, damu yake nayo ilibadilika?

Kisha yakaja mateso. Tarehe 16 Juni 1960 watu waliokusanyika Mueda walipigwa risasi na askari wa Kireno. Tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanza, na maelfu wakavuka mto kuja kwetu. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wengi walirejea, na wengine wakabaki, kwani tayari walikuwa na mikorosho, wajukuu na makaburi upande huu.

Wako waliokwenda mbali zaidi. Tangu enzi za ukoloni Wamakonde walifika pwani ya Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Watoto wao wakazaliwa Kwale, na wajukuu pia, lakini vitambulisho hawakupewa. Asiye na kitambulisho hapigi kura, hafungui akaunti ya benki, na akisimamishwa njiani hana la kuonyesha. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, na tarehe 1 Februari 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Miongo mingi ilipita wakiwa wageni mahali walipozaliwa!

Ama msiba wa karibu zaidi ulianza Oktoba 2017, pale Mocímboa da Praia iliposhambuliwa na watu waliojipachika jina la dini. Ndugu msomaji, dini gani hiyo, ilhali miongoni mwa waliochinjwa na kuchomewa nyumba wamo Waislamu wenzetu, Wamwani na Wamakonde? Suratul Maida, aya ya 32, imekwisha kutufundisha uzito wa kuiua nafsi moja. Oktoba 2020 moto huo ulivuka ukafika Kitaya, upande wetu. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma.

Hapo hofu ikaingia majumbani, nami siilaumu, kwani Kitaya si mbali. Serikali ina wajibu wa kukagua na kulinda. Lakini hofu ikiachiwa peke yake humfanya mkimbizi na muuaji wawe mtu mmoja. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza kwamba maelfu waliovuka kutafuta salama walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano.

Tukumbuke Habasha. Waislamu wa mwanzo walipokimbilia kule, Makureshi walituma wajumbe na zawadi, wakataka warudishiwe watu wao. Najashi hakuwa Muislamu siku ile, wala wale hawakuwa watu wa kabila lake. Lakini alikataa kuwatoa kabla hajawasikiliza, na alipowasikiliza akawapa amani. Lau angehukumu kwa kuuliza kabila tu, hali yao ingekuwaje?

Basi akija mama na watoto wake kutoka ng'ambo, mpeni maji kwanza. Kisha mumuulize. Kisha mumfikishe kwa mwenyekiti wa kijiji bila ya kupigwa wala kutukanwa, na wanawe wakae chuoni pamoja na wetu. Aliye na hatia, sheria ipo. Asiye na hatia ana haki ya jirani, na haki hiyo Ruvuma haiwezi kuikata.

Wabillahi tawfiq.